Tiketi ya mpira haikufikishi uwanjani

Usiku wa tarehe 7 Julai 2010, Ujerumani na Hispania zilikutana mjini Durban katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mamia ya mashabiki wenye tiketi halali mifukoni hawakuiona mechi hiyo. Ndege zao zilishindwa kutua katika uwanja wa ndege wa King Shaka, uliokuwa umefunguliwa Mei mwaka huo huo, kwa kuwa maegesho yalijaa ndege binafsi zilizoleta wakubwa kutazama mpira huo huo. Puyol alipofunga kwa kichwa bao pekee la mchezo, watu hao walikuwa bado safarini.

Kisa hicho kinatufundisha kwamba kununua tiketi ya mpira ni jambo moja, na kufika uwanjani ni jambo jingine kabisa.

Tuitazame Afrika Kusini ya mwaka ule. Mechi 64 zilichezwa katika viwanja 10 vilivyokuwa katika miji 9. Kutoka Johannesburg hadi Pretoria ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Lakini kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni kilometa kama 1,400, safari ndefu kuliko ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Kwa ndege ni saa mbili hivi. Kwa basi unalala njiani. Na kwa garimoshi la kawaida unapitisha zaidi ya saa 24. Shabiki aliyeifuata timu yake mji hadi mji alilazimika kuchagua kati ya kutumia fedha na kutumia siku. Aliyekosa vyote viwili alibaki mji mmoja, na huenda huyo ndiye aliyestarehe zaidi.

Wapo waliokodi gari. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki hilo lilikuwa jepesi, maana kule nako magari hupita kushoto. Ila gari halikumfikisha mtu mlangoni mwa uwanja. Barabara za karibu zilifungwa, magari yakaachwa mbali, na watu wakamalizia kwa basi au kwa miguu.

Ndani ya miji kulikuwa na mambo mapya. Johannesburg ilikuwa na mabasi ya Rea Vaya, yaliyoanza Agosti 2009 na kupita katika njia yake pekee, kama mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya ufunguzi, ilianza treni ya kasi ya Gautrain kati ya uwanja wa ndege na Sandton. Pretoria ilifikiwa mwaka uliofuata, mashabiki wakiwa wamekwisha kurudi kwao.

Lakini usafiri wa mwananchi wa kawaida ulikuwa kombi, ndugu yake daladala na matatu. Huko wanaziita teksi, na mgeni anayesikia neno hilo hudhani ni gari la kukodi peke yake. Johannesburg, anayekwenda katikati ya mji husimama kando ya barabara na kuelekeza kidole cha shahada juu. Kondakta hayupo. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na abiria aliyeketi karibu na dereva ndiye anayehesabu chenji. Ni usafiri wa bei nafuu, lakini hauna ratiba iliyobandikwa ukutani, na usiku hupungua sana.

Na hapo ndipo penye kisa. Mechi nyingi zilianza saa 2:30 usiku na kumalizika baada ya saa 4. Zikienda dakika za nyongeza, ni karibu saa 5. Mwezi Juni Johannesburg ni baridi kali. Watu walikuja uwanjani kidogo kidogo tangu mchana, lakini walitoka wote kwa pamoja. Kuja kulikuwa na njia nyingi. Kurudi kukawa na foleni moja.

Cape Town walilielewa hilo. Walitenga njia ya waenda kwa miguu, kama kilometa mbili na nusu, kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa Green Point. Maelfu wakatembea, wakiimba, wala hawakumwuliza mtu nauli.

Nayasema haya kwa sababu tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Safari hii nchi ni tatu, na kati yake kuna mipaka. Sifa za viwanja tutazisikia sana. Sisi tuwaulize wahusika maswali matatu: mechi itakwisha saa ngapi? Mtu asiye na gari atarudije nyumbani? Na chombo kimoja kikikwama, njia ya pili ni ipi?

Shabiki naye ajiulize hayo hayo kabla ya kutoa fedha yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.