Mbele ya kamera, uliza kwanza: ni direkti ao ni montaji?

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye kuosha mchanga, siku moja kamera itafika kwenu, ao mutaitwa Kindu kusema habari za shimo. Mimi niliitwa. Nilipanda balenyera hapa Lokandu, tukapandisha Lualaba, na karatasi mu mfuko ya shati: bei ya kilo ya kasiteriti, mbao za kushikilia shimo, na wenzetu wawili wenye udongo uliwafunika. Mambo ya shimo nilijua vizuri. Maneno ya studio sikujua hata moja, na njo ilituumiza. Karibu yote ni Kifaransa, juu televizyo yetu ilianza Kinshasa 1966 na mafundi wakajifunza kazi mu ile luga. Hata habari zikisomwa kwa Kiswahili, nyuma ya kamera watu wanaitana kwa Kifaransa.

Walinipeleka ku plato. Plato ni ile fasi yenye taa kali, meza na viti, fasi watu wanaonekana. Joto yake si kidogo. Ule ukuta wa nyuma wenye munaona picha ya mji, mara nyingine ni kitambaa cha kijani tu. Mashine inabandika picha juu yake. Kwa hiyo usivae shati ya kijani, utabaki kichwa na mikono.

Kijana mmoja akanifunga mikro-kravati, kidude kama punje ya maharagi, akaniambia nihesabu moja, mbili, tatu. Wanapima sauti. Ile mikro inasikia yote, hata yale unamunong'oneza mwenzako mbele ya emisyo kuanza. Bei ya siri ya negosia usiitaje pale.

Wenye kushika kamera wanaitwa kadreri. Kamera ziko mbili ao tatu, na ile yenye kataa kekundu kanawaka njo inaonyesha watu kwa sasa. Lakini mkubwa wa kazi haonekani. Anaitwa realizateri, na yuko mu reji, chumba cha pembeni chenye vioo vingi vya picha. Yeye njo anachagua: sasa plani kubwa, plato nzima, sasa groplani, uso peke yake ao mkono. Wakati nilijaribu kutaja wale wenzetu, mkono wangu ulitetemeka, wakaukamata mu groplani. Kule nyumbani watu walisema niliogopa.

Mtangazaji alikuwa na kidude mu sikio, reji inamwambia dakika zilizobaki. Maneno yake alikuwa anayasoma ku kioo mbele ya kamera, kinaitwa promteri. Miye nilifikiri anajua yote kwa kichwa!

Kisha nikasikia: "Kondukteri iko wapi?" Nikawaza wanatafuta dereva wa kunirudisha bandarini. Kumbe kondukteri ni karatasi ya mpango wa emisyo: nani anaanza, nani anafuata, dakika ngapi. Muombe kuiona mbele ya kukaa. Mimi nilikuwa nimeandikiwa dakika tatu, na karatasi ya mu mfuko yangu ilihitaji kumi na tano. Ningejua, ningeanza na wafu. Nilianza na salamu kwa wakubwa.

Sasa neno kubwa. Kama ni direkti, neno lako likitoka limetoka, hakuna wa kulirudisha, wewe wala wao. Kama wanarekodi ili wapitishe nyuma, hiyo ni difere, na yote uliyosema bado ni rushi, picha mbichi, kama mchanga mbele ya kuosha. Fundi wa montaji anakaa kuiosha: hii inabaki, hii inaenda na maji. Wengi ni waaminifu, na bila montaji emisyo haiangaliki. Lakini aliyeshika karai si wewe.

Mimi sikuuliza. Emisyo ilitufikia Lokandu mu telefoni, tukaifungua ku nyumba moja yenye plaki ya jua. Salamu zangu ziliweko, na neno "tunashukuru". Mbao hazikuweko. Wale wawili hawakuweko. Mjane wa mmoja alikuwa amekaa mbele, ku mkeka. Alingoja mpaka jeneriki, yale majina yanayopanda mwisho, akasimama, akatoka.

Na kulikuwa ubaya mwingine. Wakati sauti yangu inasikika, waliweka picha za arshivi, picha za zamani za fasi nyingine, watoto wanabeba mifuko. Mwenye kuangalia anafikiri ni kwetu. Munajua vizuri: tangu 2012 mashimo yanapewa rangi, kijani, manjano ao nyekundu, na watoto mu shimo wanaweza kuleta nyekundu. Negosia alikuja kutuuliza kama wale ni watoto wetu. Tulieleza wiki mbili.

Siku hizi mu sendika tunauliza mbele ya kufungwa mikro: direkti ao difere? Dakika ngapi? Picha gani zitawekwa juu ya sauti yetu? Kama ni za arshivi, neno "arshivi" liandikwe ku kioo. Mmoja wetu anarekodi yote mu telefoni yake. Wakituharibia, tunaandika barua ya haki ya kujibu. Haki hiyo iko mu sheria, haiombwi kwa magoti. CSAC, ile yenye kuchunguza redio na televizyo, nayo inapokea malalamiko.

Kuhusu kupaji, ile pesa munazoea kutia mu mkono wa mwandishi: najua mishahara yao, si ya kucheka. Lakini mwenye komptwari atatoa kuliko siye kila siku, kwa hiyo huo mchezo tusiuingie.

Wametuita tena mwezi ujao. Tumeuliza, ni direkti, dakika sita. Atakwenda yule mama mjane, mimi nitabeba karatasi tu. Kitenge cha kijani amekiacha, atavaa cha bluu.