Ukuta Katikati ya Mto Mkavu

Sisi wa Mombasa tukichimba msingi wa nyumba, jembe halichelewi kugonga tumbawe. Kitui na Makueni mambo ni mengine. Huko nimeona ukuta ukijengwa katikati ya mto, na mto wenyewe hauna tone la maji.

Ni mito ya msimu hiyo. Mvua ikinyesha hufurika siku chache, kisha maji hukimbia. Mengi ya Makueni huingia mto Athi, huo huo ambao kwetu, kaskazini ya Malindi, twauita Sabaki. Nyuma hubaki mchanga, na kina mama huchimba mashimo humo, punda wakingoja na mitungi.

Ukuta ule ni lambo la mchanga. Furiko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta hadi ukalingana nao, na maji hukaa mumo humo, jua lisiyakaushe wala mbu asiyatagie. Mchanga wa chembe nene huchukua maji kiasi cha robo hadi thuluthi ya ujazo wake. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui 1990, limejenga malambo hayo kwa mamia, wanavijiji wakibeba mawe wenyewe.

Lakini yote yategemea mwamba ulio chini. Nilimkuta mhandisi mmoja, kijana bado, amesimama ndani ya handaki, hasemi. Kushoto mwamba umeonekana safi. Kulia wamechimba kupita kimo cha mtu, na chuma cha kupimia kingali chazama. Akimwaga zege hapo, maji yatapenya chini ya ukuta, yachimbue kidogo kidogo, hata siku moja mto upite chini na ukuta uning'inie juu kama daraja. Akizidi kuchimba, saruji aliyopimiwa haitoshi. Na mvua za Novemba zi karibu, furiko moja hulifukia handaki lote usiku mmoja.

Mzee wa kijiji akamwambia, "Mwanangu, zamani mto huu ulipita upande huo."

"Na mwamba uko mbali kiasi gani, mzee?"

"Sisi hatukupata kuuona."

Kijana akatoka shimoni, akapanda na mto akipima kwa chuma chake, hata mahali kilipogonga pande zote mbili. Akaamuru kamba ihamishiwe huko. Wiki tatu za jasho la watu zikabaki shimoni, wallahi, na hakuna aliyemlaumu.

Mama mmoja aliyaangalia mawe waliyokwisha kuyarundika. "Na haya je?"

"Tutayahamisha, mama."

Akajitwisha la kwanza.