Isiolo hadi Moyale: Kaskazini ya Kenya kwa Msomaji wa Kusini

Kwetu Kilimarondo, masika yakichanganya, mtu anayetaka kwenda Nachingwea hafungui kitabu. Anamtafuta dereva aliyeingia jana usiku na kumuuliza korongo lipi limejaa, tope linaanzia wapi, na kama kuna lori lililokwama likaziba njia. Lakini anayetaka kutoka huku kusini na gari lake mpaka Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, hana dereva wa jana wa kumuuliza. Hapo ndipo kitabu cha wasafiri kinapopata kazi. Ni kitu cha thamani, na nakipendekeza kwa moyo wote, mradi msomaji ajue kukihoji.

Kwanza tuipime nchi yenyewe kwa kipimo chetu. Mkoa wetu wa Lindi una kilomita za mraba zipatazo 66,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu 1,194,000. Kaunti ya Marsabit peke yake ni kubwa kuuzidi mkoa huu, nayo sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta na watu 459,785. Sisi tunaodhani Liwale ni mbali na kwamba pori letu halina mwisho, huko tutaona umbali wa namna nyingine: saa nzima barabarani, mawe meusi ya volkano kulia na kushoto, mbuzi kwa mbali, na kijana mmoja mwenye fimbo mabegani.

Upweke huo haukuletwa na ukame peke yake. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliwapa maofisa wa Uingereza mamlaka ya kuzifunga wilaya za pembezoni, na eneo lote la mpaka wa kaskazini likawa nchi ya kuingia kwa kibali. Huko ndiko serikali ilikowatupa watu iliowaogopa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar mwaka 1959, kisha Maralal mwaka 1961 kabla ya kuachiwa. Baada ya Uhuru ikafuata vita ya Shifta, ya waasi waliotaka kujitenga, na kwa miaka mingi serikali ya Nairobi ililiona eneo hilo kwa jicho la usalama tu. Hata leo utamsikia mzee wa Marsabit anayesafiri kwenda Nairobi akisema anakwenda Kenya.

Sasa kitabu. Jambo la kwanza la kutazama ni mwaka wa kuchapwa, kabla hata ya ramani. Kitabu cha miaka ya 1990 kitakuambia kwamba barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale ni mateso ya siku mbili au tatu, uso wake umejikunja kama bati, magari yanakwenda kwa msafara na askari wenye bunduki, na abiria wanapanda juu ya malori ya ng'ombe. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha lami ikaanza kupanda kutoka Isiolo: kipande cha kwanza, cha kilomita 136 hadi mto Merille, kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, na vipande vya Marsabit, Turbi na Moyale vikafuata ndani ya muongo huohuo. Leo kilomita 500 hivi za Isiolo hadi Moyale ni lami tupu, na basi linazimaliza kwa siku moja. Barabara hii ni sehemu ya njia kuu ya kutoka Cairo hadi Cape Town, ileile inayopita kwetu Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Anayekwenda na kitabu cha zamani atabeba madumu ya mafuta asiyoyahitaji na hofu isiyo na sababu, huku akikosa kujua alipotakiwa kuogopa kweli.

Wamarekani wamelitatua tatizo hili kwa njia inayostahili kuigwa. Jeshi lao lilifungua barabara ya Alaska mwaka 1942, kupitia misitu ya Kanada, na sasa ina zaidi ya kilomita 2,200. Mwaka 1949 kikatoka kitabu kiitwacho The Milepost, kinachoieleza njia hiyo maili kwa maili: daraja hili, mafuta hapa, mahali pa kulala pale. Kinatolewa upya mwaka baada ya mwaka, kwa sababu barabara ya nchi ya baridi haikai ilivyo. Kaskazini ya Kenya inastahili kitabu cha namna hiyo, na kusini ya Tanzania pia. Nasema hivi kwa uchungu, maana vitabu vingi vya wageni kuhusu nchi yetu vikifika Lindi husimama pwani, kwenye magofu ya Kilwa, na huku bara tukaachiwa mistari michache.

Jambo la pili la kukihoji kitabu ni maji. Wageni huandika kuhusu hoteli na wanyama. Wenyeji hupanga safari kwa visima. Chukua ramani na uweke alama kila mahali penye maji ya kudumu, utaona mara moja kwa nini vijiji viko vilipo. Wagabra na ngamia wao hawazunguki ovyo pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Wanakwenda kati ya chemchemi kama za Kalacha na North Horr na malisho yanayojulikana kwa majira. Warendile wako Korr, Kargi na Laisamis kwa sababu hiyohiyo. Karibu na mji wa Marsabit kuna visima virefu ambamo vijana wa Kiborana husimama ngazi kwa ngazi, wakipeana ndoo mkono kwa mkono mpaka juu kwenye birika la mifugo, wakiimba ili kazi isipoteze mwendo. Wageni wanaviita visima vinavyoimba na kwenda kupiga picha. Mimi ningeomba msafiri aulize kwanza, maana ile ni zamu ya kazi na kila ukoo una haki na saa zake.

Marsabit yenyewe inashangaza. Baada ya joto la Laisamis barabara inapanda mlima wa volkano, na ghafla kuna ukungu, miti mirefu yenye ndevu za mimea, na mashamba ya mahindi. Ndani ya msitu kuna ziwa la kreta ambako Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, waliishi miaka ya 1920 wakipiga picha za sinema za tembo. Wao ndio walioliita Ziwa Paradise. Msitu huu pia ulikuwa makao ya Ahmed, tembo wa pembe ndefu ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, na sanamu yake iko kwenye jumba la makumbusho la Nairobi.

Kuna mambo ambayo vitabu vya safari huyapita haraka mno. Turbi, kati ya Marsabit na Moyale, mara nyingi huwa jina tu kwenye jedwali la umbali. Asubuhi ya tarehe 12 Julai 2005 washambuliaji waliingia pale na kuua zaidi ya watu hamsini, wakiwemo watoto wa shule. Ugomvi wa malisho, maji, silaha na siasa haujaisha. Mei 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika Marsabit kwa ajili hiyohiyo. Kwa hiyo kitabu kikusaidie kupanga njia, lakini usalama wa siku hiyo uulize polisi kwenye kizuizi, na zaidi ya hao, madereva wa malori ya mifugo na wauza chai. Maswali ni yaleyale ya Kilimarondo.

Anayetaka Ziwa Turkana ataiacha lami. Vitabu vingi humpitisha Maralal, Baragoi na South Horr, njia nzuri ya milimani yenye mawe makali. Lakini mradi wa umeme wa upepo ulioko Sarima, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulilazimika kutengeneza upya zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis ili mapanga makubwa ya mitambo hiyo yapite. Njia ya kwenda Loiyangalani, mji ulioko ufukoni mwa ziwa, imebadilika kwa sababu hiyo. Ardhi ilikojengwa mitambo imezua mgogoro: mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa kufuata sheria. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 250, maji yake ni ya magadi, na upepo wa mashariki hauchoki. Wazungu wa kwanza kulifikia, Teleki na von Höhnel, walilipa jina la mwana wa mfalme wao Rudolf mwaka 1888. Kenya ikaliita Turkana mwaka 1975. Upande wa magharibi, Nariokotome, ndiko mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alikookota mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita.

Kwa safari ya huko ningeshauri tairi mbili za akiba, jeki yenye ubao wa kuiwekea chini, na maji lita tano kwa kila mtu kwa siku, bila kuhesabu ya gari. Jaza dizeli Isiolo na Marsabit. Nje ya lami utauziwa kwa dumu, na bei ni ya muuzaji. Na kumbuka mvua. Sisi tuna msimu mmoja mrefu, Desemba hadi Aprili. Wao wana miwili, ya Aprili na Mei, kisha ya Oktoba na Novemba. Mvua zikinyesha, Chalbi iliyokuwa ngumu hugeuka tope la chumvi linalomeza gari hadi ekseli, na mito ya mchanga hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani usiyoiona.

Moyale, forodha za nchi mbili sasa zinafanya kazi pamoja kwenye kituo kilichozinduliwa Desemba 2020. Kioromo kinasemwa pande zote mbili, lakini Kiswahili kinapungua nguvu mara tu unapovuka, na magari yanahamia upande wa kulia wa barabara. Usukani wa gari letu uko kulia. Dereva wa Tanzania anayeendelea kuelekea Hawassa anahitaji mtu macho kiti cha kushoto, wa kumwambia kama mbele kuko wazi kabla hajalipita lori.