Safari Rally Iliyopita Mlangoni Imekwenda Wapi?

Majuzi nilikwenda Mwingi kumhani rafiki yangu aliyefiwa na mamake. Kutoka Mombasa niliiacha barabara kuu pale Kibwezi, nikapita Mutomo na Kitui, lami tupu. Jioni tumekaa nje na wazee, kijana mmoja akawa anatazama kwenye simu magari ya mashindano yakitimua vumbi Naivasha. Mzee aliyekuwa kando yangu akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hiyo si Safari, mwanangu," akaniambia. "Safari ilikuwa inapita mlangoni kwako."

Ujanani mwake mzee huyo alifanya kazi kwenye kituo cha petroli Mtito Andei. Anasema usiku wa rali hakuna aliyelala. Taa zikionekana kwa mbali, watoto wanapiga kelele, na kabla hujasoma nambari ya gari, limeshapita, umebaki na vumbi mdomoni.

Maneno yake yamenikaa. Wengi wetu tunadhani Safari Rally ni moja, ilisimama kisha ikarudi. Kwa kweli ile ya kwanza, ya Afrika Mashariki nzima, ilikufa na haijarudi.

Ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, yale yale yanayouzwa madukani, na makundi yalipangwa kwa kufuata bei ya gari. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari. Ilifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na basi, lori, mbuzi na mto uliofurika.

Ndiyo maana 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Naye Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwishatumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Wageni wa Ulaya walikuja na timu kubwa, lakini hadi 1972, alipofika Hannu Mikkola wa Finland, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kuibuka wa kwanza. Wenyeji waliijua njia.

Basi nini kiliiua? Kwa mtazamo wangu, mambo matatu.

La kwanza ni mipaka. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda 1971, ujirani ukaharibika. Kufikia katikati ya miaka ya sabini rali ilikuwa ya Kenya peke yake, na neno "East African" likaondoka kwenye jina. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

La pili ni barabara na usalama. Lami ilienea, watu wakaongezeka, magari ya mashindano yakazidi kasi. Kuyaachia katika barabara moja na mabasi ya abiria ikawa ni kucheza na roho za watu. Hapa siwalaumu waliobadilisha kanuni. Kwingineko duniani rali zilikuwa za vipande vifupi vilivyofungwa, na Safari ya maelfu ya kilomita ikabaki ya peke yake.

La tatu ni pesa. Mwaka 2002 Colin McRae alishinda, kisha Safari ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia kwa matatizo ya fedha na maandalizi. Iliendelea katika ubingwa wa Afrika, lakini kelele zilikuwa zimekwisha.

Ilirudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021, baada ya korona kuzuia ile ya 2020. Sehemu za mashindano zilikuwa kilomita 320 hivi, nyingi kuzunguka Naivasha ndani ya mashamba makubwa. Mwaka 2024 na 2025 ilifanyika ndani ya Ramadhani. Nilitazama nimefunga, na wallahi nilifurahi. Lakini nilitazama kwenye simu, kama yule kijana wa Mwingi.

Iko pia East African Safari Classic, iliyoanza 2003 kwa magari ya zamani, na mara nyingi imefika Pwani. Ni nzuri, ila washiriki wake wengi ni wageni wenye uwezo.

Sisemi turudishe magari ya mbio katikati ya matatu. Ninachosema ni kwamba rali hii imetumia pesa za serikali, na pesa hizo zilitoka pia Kitui, Makueni, Taita na huku kwetu. Rali ya kitaifa isiyotoka eneo moja inamfaidi nani? Mzunguko mmoja wa ubingwa wa Kenya ukiletwa Ukambani au Taita kila mwaka, barabara zikafungwa vizuri, mama muuza chai atauza na mtoto ataona gari kwa macho yake.

Tulipoagana, mzee aliniuliza kama rali itapita tena Mtito Andei. Nilikosa jibu, nikamwambia inshallah.