Je, Wajua? Shule ya Wazungu iliyopewa jina la Mkwawa

 Kisa hiki cha Iringa kinagusa moyo. Majengo ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa yalijengwa enzi za mkoloni kama shule ya watoto wa Kizungu. Baada ya Uhuru, shule ikapewa jina la Chifu Mkwawa, Mhehe aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Tangu 2005 inafundisha walimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanachuo akipanda daladala hadi Kalenga, atalikuta fuvu la Mkwawa ndani ya kioo, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.