Shujaa Kushuka Daraja: Ni Nani Huamua Hatima ya Kocha?

Timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, ilipoteza nafasi yake katika Msururu wa Raga ya Dunia baada ya kushindwa na Canada kwa alama 12-7 katika fainali ya mchujo iliyochezwa uwanjani Twickenham, London, Jumapili, Mei 21, 2023. Kenya ilikuwa imekaa miongoni mwa timu za kudumu za Msururu huo kwa takriban miongo miwili. Baada ya mechi hiyo, wananchi wengi waliitaka serikali imfute kazi aliyekuwa kocha mkuu wakati huo, Damian McGrath. Ni vyema ieleweke mamlaka hayo yako mikononi mwa nani, na kwa nini uamuzi wenyewe haukuweza kucheleweshwa.

Msimu huo ulikuwa na duru 11 na ulianza kwa ugumu usio wa kawaida. Shirikisho la dunia liliamua kupunguza timu za wanaume kutoka 16 hadi 12, idadi inayolingana na ile ya Olimpiki. Kwa hivyo, matokeo ambayo miaka ya nyuma yangeiacha Kenya salama safari hiyo hayakutosha. Japani, iliyoshika mkia, ilishuka moja kwa moja. Kenya, Canada na Uruguay zilitumwa kwenye mchujo pamoja na Tonga, washindi wa daraja la pili, na ni timu moja tu kati ya hizo nne iliyobakishiwa nafasi. Mechi ya raga ya saba huchukua dakika 14 pekee. Kenya ilifika fainali na kuikosa nafasi hiyo kwa tofauti ya alama 5, ambayo ni thamani ya trai moja.

Kuhusu kocha, sheria iko wazi. Kocha wa timu ya taifa huajiriwa na Shirikisho la Raga Kenya (KRU), chombo kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na mkataba wake ni kati yake na shirikisho. Wizara ya Michezo hugharimia sehemu ya safari, kambi na marupurupu ya timu za taifa, hasa kupitia Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Waziri anaweza kuingilia kati pale uongozi wa shirikisho unaposhindwa kutekeleza wajibu wake, lakini hilo ni jambo tofauti na kuchagua anayesimamia mazoezi. Kufadhili hakumfanyi mfadhili kuwa mwajiri. Hata hivyo, fedha zinazotolewa ni za umma, na mwananchi ana haki ya kuuliza zimeleta nini.

Swali hilo la fedha ndilo linalotufikisha kwenye historia ya timu, na historia hiyo haifurahishi. Kuanzia 2012 hadi 2023 Shujaa walifunzwa na Mike Friday, Paul Treu, Felix Ochieng, marehemu Benjamin Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, kisha Simiyu kwa mara ya pili, na baadaye McGrath. Hao ni makocha 8, mmoja wao akiteuliwa mara mbili, katika muda wa miaka 11. Friday aliiongoza Kenya kumaliza ya 5 duniani msimu wa 2012-13, kisha akaondoka. Ayimba alishinda duru ya Singapore mwezi Aprili 2016 kwa kuichapa Fiji 30-7, taji la kwanza la Kenya katika Msururu. Baada ya Olimpiki ya Rio mwaka huo huo akawa amekwenda. Simiyu aliifikisha timu fainali za Vancouver na Hong Kong mwaka 2018, na kabla ya mwaka kwisha nafasi yake ilikuwa imejazwa na Murunga. Msimu uliofuata, timu iliponea chupuchupu kushuka daraja. Feeney naye aliondoka 2020, janga la korona lilipokuwa limesimamisha michezo.

McGrath hakuja akiwa mgeni katika kazi hii. Aliwahi kuipa Samoa taji la Paris mwaka 2016 na Canada taji la Singapore mwaka 2017. Kwamba kocha mwenye rekodi hiyo alishuka daraja na Kenya ndani ya msimu mmoja haimwondolei lawama, ila inadokeza kwamba tatizo halikuanza naye. Kila kocha mpya huja na mfumo wake wa mchezo na wachezaji anaowapendelea, na kabla wachezaji hawajauzoea, mwingine huwa ameshateuliwa. Kama KRU ingemwacha McGrath aende, ingebidi ieleze mrithi wake angepewa muda gani.

Muda wenyewe ulikuwa mfupi. Mashindano ya Afrika ya kufuzu kwa Olimpiki ya Paris 2024 yalifanyika baadaye mwaka 2023, na bara hili lilikuwa na tiketi moja tu ya moja kwa moja. Kenya ilipofuzu kwa Rio na Tokyo kupitia Afrika, Afrika Kusini haikuwa kikwazo kwa sababu ilikuwa imekwisha kufuzu kupitia Msururu. Safari hiyo haikufanikiwa, kwa hivyo nayo iliiwania tiketi hiyo hiyo. Timu zilizomaliza za pili na tatu zilisubiri mchujo wa mwisho wa dunia, ambako ushindani ulikuwa mkali zaidi.

Wakati huo huo Shujaa walilazimika kucheza daraja la pili ili warejee kwenye Msururu. Ratiba hizo mbili, ya Olimpiki na ya kupanda daraja, zilitegemea kikosi kilekile. Ambaye angeiongoza timu alihitaji kujulikana kabla kambi ya mazoezi haijafunguliwa.