Sauti ya Daktari Kutoka Angani



Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa katika saa chache tu. Mganga wa zahanati anajua la kufanya kwanza. Anampa mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Anamkanda tumbo. Anamwekea dripu. Lakini damu isipokoma, mganga anahitaji vitu viwili upesi. Anahitaji ushauri wa daktari, na anahitaji gari. Vyote viwili vinaitwa kwa simu.

Na simu haishiki.

Katika vijiji vingi vya mbali, kila mtu anajua mahali mtandao unapopatikana. Ni juu ya kichuguu fulani, au chini ya mbuyu fulani, au kilimani, mwendo wa nusu saa. Mchana kijana hutumwa kukimbia huko. Je, usiku mvua ikinyesha, nani ataenda? Na mganga akienda mwenyewe, nani atabaki na mama?

Hapa Tanzania tunayo namba 115 ya mpango wa m-mama. Mpango huo ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Kupiga namba hiyo ni bure. Mama mjamzito, mama aliyejifungua, au mtoto mchanga akiwa katika hatari, hutafutiwa gari la wagonjwa. Gari hilo likikosekana, huitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, naye hulipwa nauli na mpango. Ni mpango mzuri sana. Lakini namba 115 inapigwa kwa mtandao wa simu. Pasipo na mtandao, namba hiyo ni tarakimu tu zilizoandikwa ukutani.

Serikali inajenga minara. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hata hivyo mnara haufiki kila bonde. Mnara mmoja ni ghali, na kampuni za simu hazipendi kuujenga penye watu wachache. Ndiyo maana siku hizi watu wanazungumza juu ya intaneti ya setilaiti. Wanaokuja zahanati wananiuliza, "Mganga, hiyo kitu ni nini, na itatusaidia nini?" Nimeona nijibu hapa gazetini, ili na wengine wasome.

SETILAITI NI NINI?

Setilaiti ni chombo kilichotengenezwa na watu. Hurushwa juu kwa roketi, kisha huizunguka dunia bila kuanguka. Huenda umewahi kuiona. Usiku usio na mawingu, ukiona kitu kama nyota kinatembea kimya kimya, hakiwaki na kuzimika kama taa za ndege, mara nyingi hiyo ni setilaiti.

Kazi yake ni kama ya mjumbe. Zahanati inakuwa na dishi dogo linalotazama juu. Dishi linapeleka mawimbi kwenye setilaiti. Setilaiti inayapeleka kwenye kituo kikubwa kilichounganishwa na intaneti, pengine mamia ya kilomita kutoka hapo. Majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Unaweza kusema ni mnara uliosimama angani. Kilima hakiuzuii.

Ziko setilaiti za mbali na za karibu. Zile za mbali ziko kilomita 36,000 juu ya mstari wa ikweta. Zinakwenda pamoja na dunia inavyozunguka, kwa hiyo kwetu zinaonekana kama zimesimama mahali pamoja. Madishi mengi ya televisheni yanatazama huko. Kwa kuwa ni mbali mno, sauti inachelewa. Unauliza, unangoja kidogo, ndipo jibu linakuja. Watu wawili wasiozoea hukatishana maneno.

Za karibu ziko kama kilomita 550 juu. Hiyo inazidi kidogo tu safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Sauti inakwenda na kurudi upesi. Lakini setilaiti ya karibu haisimami. Inamaliza kuizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Inapita juu ya kijiji chako kwa dakika chache, kisha inazama. Ndiyo maana zinahitajika maelfu, zikipokezana kama wakimbiaji wa mbio za vijiti. Kampuni ya Starlink ya Marekani inatumia setilaiti za namna hii. Ilianza kutoa huduma Rwanda mwezi Februari 2023, na Kenya mwezi Julai mwaka huo huo.

WAGANGA WASAIDIZI WA ALASKA

Watu wengine husema mambo haya ni ya mjini, hayamhusu mganga msaidizi wa kijijini. Sikubaliani nao. Waliotangulia kuonyesha faida ya setilaiti katika matibabu walikuwa wahudumu wa vijijini wenye mafunzo ya wiki chache.

Hao walikuwa Alaska. Alaska ni jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Ni kubwa kuliko Tanzania, tena karibu mara mbili, lakini watu wake ni wachache sana. Vijiji vingi havina barabara. Watu husafiri kwa ndege ndogo, kwa mashua, au juu ya barafu. Kila kijiji huchagua mtu wake akafunzwe kutibu. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1950, wakati wanakijiji walipofundishwa kuwagawia wenzao dawa za kifua kikuu. Mwaka 1968 ikawa mpango rasmi wa serikali.

Wahudumu hao walikuwa wakiongea na daktari kwa simu ya upepo. Lakini kule kaskazini anga huwa na misukosuko inayovuruga simu za upepo. Siku nyingi zilipita daktari asipatikane. Mgonjwa akizidiwa siku hizo, mhudumu alikuwa peke yake.

Mwaka 1971 vijiji zaidi ya 20 viliwekewa redio zinazopita kwenye setilaiti. Setilaiti yenyewe iliitwa ATS-1, na ilikuwa imerushwa mwaka 1966. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, daktari wa hospitali ya Tanana, kando ya mto Yukon, aliita kijiji kimoja kimoja. Mhudumu alimweleza habari za wagonjwa wake, daktari akamwambia la kufanya. Wagonjwa waliotibiwa kwa ushauri wa daktari waliongezeka sana.

Kulikuwa na jambo jingine, nami nalipenda kuliko yote. Vijiji vyote vilisikia mazungumzo hayo. Mhudumu wa kijiji cha pili akimsikia mwenzake akifundishwa namna ya kutibu nimonia, naye alijifunza. Redio ile ikawa darasa. Ubaya wake ni kwamba siri za wagonjwa zilisikika pia, na hilo si jambo dogo.

Mwaka 1975 bunge la Alaska lilitenga dola milioni 5 kununua vituo vidogo 100 vya setilaiti. Nia ilikuwa kila kijiji chenye watu 25 au zaidi kipate simu. Watu 25, ndugu msomaji! Hakuna kampuni ingejenga hapo kwa kutafuta faida. Serikali ndiyo iliyoamua.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUCHANGA FEDHA

Dishi halibebi mgonjwa. Daktari akisema mama apelekwe hospitali, bado gari linahitajika, na njia ipitike. Pia dishi peke yake halileti mtandao wa kawaida wa simu. Linaleta intaneti ya waifai, nayo haiendi mbali. Inaishia uwanjani pa zahanati. Simu ndogo ya tochi haiwezi kuitumia. Mganga atampata daktari kwa simu ya kisasa, akiwa hapo zahanati, na walio hospitali ndio watakaopiga 115. Kwa hiyo namba za daktari wa zamu ziandikwe mapema, na mpango ujaribiwe kabla ya siku ya hatari. Ipo njia nyingine. Mnara mdogo wa simu unaweza kuunganishwa kwa setilaiti, na hapo hata simu ya tochi hushika. Lakini hiyo ni kazi ya kampuni ya simu, si ya kijiji.

Umeme ndio unaoshinda wengi. Dishi hula wati 50 hadi 100. Ni sawa na taa 5 hadi 10 za wati 10. Likiwashwa usiku na mchana, litamaliza betri. Ni afadhali liwashwe kwa saa zilizopangwa, na wakati wa dharura. Na hapa nasisitiza: msichukue umeme kwenye sola ya jokofu la chanjo. Chanjo hukaa katika joto la nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likikosa nguvu chanjo huharibika, na mtoto atachomwa sindano isiyomkinga. Dishi liwe na sola yake na betri yake.

Dishi lataka kuiona mbingu wazi. Mwembe ukiwa juu yake, mazungumzo yatakatika-katika. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi, kwa hiyo usiku wa tufani msitegemee dishi tu. Wengine wanaogopa kwamba mawimbi yataleta maradhi. Ni mawimbi ya redio, nayo huelekezwa juu. Haijathibitika kwamba yanadhuru watu katika viwango vinavyoruhusiwa. Ninachoogopa mimi ni mtu kuanguka kutoka paani wakati wa kulifunga.

Kuna ada ya kila mwezi. Isipolipwa, huduma hukatwa. Mkutano wa kijiji uamue nani atalipa, na uamuzi uandikwe. Vijana nao watataka kutazama mpira. Si vibaya, lakini setilaiti ni kama bomba moja la maji: wakichota wengi, kila ndoo hujaa polepole. Mwezi Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Basi neno la siri la waifai likae kwa mganga.

Tena, kabla ya kununua, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama kampuni ina leseni na kifaa kimeruhusiwa. Msinunue kwa mtu wa njiani.

UKILETA MGONJWA

Daktari wa mbali hamwoni mgonjwa vizuri, hata kwa picha. Hamgusi. Anategemea maneno. Kwa hiyo wewe unayemleta mgonjwa, njoo na habari kamili. Homa ilianza siku gani, asubuhi au jioni? Ametapika mara ngapi? Amekunywa nini, pamoja na dawa za miti shamba? Usifiche, hatugombezi mtu. Kama ameumwa na nyoka, sema saa aliyoumwa. Kama ni mama, sema mimba ni ya ngapi, na kama aliwahi kupasuliwa.

Mganga anapoongea na daktari, abaki ndugu mmoja tu. Wengine wangoje nje, maana simu ikiwekwa sauti kubwa kila kitu husikika. Na kadi ya kliniki ije na mgonjwa. Wengi huiacha sandukuni nyumbani, na ndani yake ndimo lilimoandikwa kundi la damu.